UZI: Taifa la Marekani lilianzia shamba la tumbaku, na wazee wa Angola walikuwepo tangu mwanzo

Mtu wa Urambo:

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu nimeuandaa muda mrefu, nitaushusha kwa awamu. Mwenye swali asisubiri mwisho, aulize tu.

Mimi nimezaliwa Urambo, Tabora, kwenye nyumba ya wakulima wa tumbaku. Neno "Virginia" nililijua kabla sijajua kama kuna nchi inaitwa Marekani. Kwetu Virginia ni tumbaku ya mvuke, ile inayokaushwa kwenye bani, yaani banda la kukaushia kwa moto. Nikiwa na miaka saba nilikuwa nashika fito huku mama akifunga majani, na mikono yetu wote wawili imeganda ile gundi nyeusi ambayo sabuni haiitoi, mpaka usugue na mchanga. Baba alikuwa analala nje ya bani usiku kucha akichochea moto, maana joto likishuka au likizidi, msimu mzima umekwenda.

Nimekuja kujua ukubwani kwamba lile jina la kwenye marobota yetu ni la jimbo ambako taifa la Marekani lilianza, na kilicholianzisha ni jani lilelile. Tangu hapo sijaacha kusoma habari hizi.

Wengi wetu tulifundishwa Columbus 1492, halafu tukarushwa hadi uhuru wa 1776. Columbus mwenyewe hakuwahi kufika Virginia wala pwani yoyote ya Marekani bara ya leo. Katikati hapo kuna karibu miaka 300, na mambo yote mazito yamo humo.

AWAMU YA KWANZA: KAMPUNI

Waingereza wa kwanza kudumu kule walipelekwa na kampuni ya hisa. Mwaka 1606 Mfalme James wa Kwanza aliipa hati Kampuni ya Virginia ya London. Watu wenye fedha wakanunua hisa wakitegemea dhahabu, maana walishaona Wahispania walivyotajirika Mexico na Peru.

Desemba 1606 merikebu tatu ziling'oa nanga: Susan Constant, Godspeed na Discovery. Katikati ya Mei 1607 wanaume na wavulana 104 wakashuka kwenye kisiwa kidogo mtoni, wakakiita Jamestown kwa jina la mfalme wao. Hakuwemo mwanamke hata mmoja. Mahali pale walipapenda kwa sababu kina cha maji ni kirefu hadi ukingoni, unaweza kufunga merikebu kwenye mti, na Wahispania wasingewaona kirahisi. Lakini palikuwa kinamasi. Kiangazi maji ya bahari yanapanda mtoni, unakunywa chumvi na uchafu wako mwenyewe. Wanasayansi waliosoma pete za miti mikongwe ya eneo lile wameona kwamba walifika katikati ya ukame mbaya kuliko wowote kwa karne kadhaa, ulioanza 1606 hadi 1612.

Na nchi ilikuwa na wenyewe. Iliitwa Tsenacommacah, yenye makabila kama 30 chini ya chifu mkuu Wahunsenacawh, ambaye Waingereza walimwita Powhatan. Makao yake yalikuwa Werowocomoco. Wale wageni waliishi kwa mahindi ya wenyeji, kwanza kwa kubadilishana shaba na shanga, baadaye kwa kunyang'anya. Ukimnyang'anya mtu chakula mwaka wa ukame ujue umetangaza vita.

Majira ya baridi ya 1609 kuingia 1610, wenyeji wakaizingira ngome. Ndani kulikuwa na watu kama 300. Wakala farasi, wakala mbwa, wakala panya, wakala ngozi za viatu. Hadi Mei walibaki kama 60.

Mwaka 2012 wachimbaji wa mambo ya kale walipata kwenye shimo la taka la ngome ile fuvu na mfupa wa mguu wa msichana wa miaka kama 14. Mfupa wa paji la uso una alama nne za kukatwa, hazina kina, zimekaribiana, kama mtu aliyejaribu mkono ukamtetemeka. Kisha nyuma ya kichwa kuna mapigo mazito. Alikuwa ameshakufa, walikuwa wanatafuta nyama. Jina lake halisi halijulikani, watafiti wamempa la Jane. Mimi nina binti wa umri huo. Nilipoona picha ya lile fuvu nilifunga kompyuta nikatoka nje.

Chuma cha Pua:

Nimeweka kambi hapa. Ila mkuu, mbona sisi tulisoma kwamba walioanzisha Marekani ni wale waliokimbia mateso ya dini kwa meli ya Mayflower? Wenye sikukuu ya kula bata mzinga.

Mtu wa Urambo:

Chuma cha Pua, swali zuri. Mayflower ilifika 1620, miaka 13 baada ya Jamestown, na ilifika kaskazini kabisa, Massachusetts, ikiwa na abiria 102. Karibu nusu walikufa majira ya baridi ya kwanza. Ni kweli walikuwa watu wa dini, na kwa sababu hiyo Wamarekani waliwachagua wawe mababu wa kusimuliwa watoto shuleni. Babu aliyekimbia mateso anasimulika vizuri kuliko babu aliyekuja kwa hisa.

Hata Jamestown si mji wa kwanza wa Wazungu kule. Wahispania walijenga St. Augustine, Florida, mwaka 1565, na Waafrika walikuwemo tangu mwanzo. Lakini sheria, lugha na bunge la Marekani ya leo vimetoka kwa Waingereza, ndiyo maana nimeshika Jamestown.

Mwana wa Likoni:

Shukrani ndugu yangu. Hapa Mombasa watoto wangu wanamjua Pocahontas wa katuni. Huyo naye ni wa kweli au ni ngano?

Mtu wa Urambo:

Ni wa kweli, Mwana wa Likoni, na maisha yake yalikuwa magumu kuliko katuni. Alikuwa binti wa Wahunsenacawh, majina yake Amonute na Matoaka. Waingereza walipofika alikuwa mtoto wa miaka 10 au 11 hivi. Mwaka 1613 walimteka nyara ili wambane baba yake. Akiwa mateka akabatizwa Rebecca, na Aprili 1614 akaolewa na mkulima mmoja Mwingereza. Wakampeleka Uingereza, wakamwonyesha kwa wakubwa, Kampuni ikapata sifa ya kuvutia wanahisa. Machi 1617, wakiwa wanaanza safari ya kurudi, akafia Gravesend, kando ya Mto Thames, na akazikwa huko. Alikuwa na miaka kama 20.

Huyo mkulima aliyemwoa anaitwa John Rolfe, na ndiye anayetupeleka awamu inayofuata.

AWAMU YA PILI: JANI

Wenyeji walikuwa na tumbaku yao, chungu, kali, haikuuzika London. Iliyokuwa inapendwa ni ya Wahispania kutoka visiwa vya Karibiani. Kama mwaka 1612 Rolfe akapata mbegu za aina hiyo, akazipanda Virginia, zikakubali. Mwaka 1617 walisafirisha kama ratili 20,000. Gavana aliyefika mwaka huo alikuta tumbaku imepandwa hadi barabarani na kwenye uwanja wa soko. Watu waliokuwa wamekula viatu miaka saba nyuma sasa walikuwa hawataki kulima chakula.

Aliyelima tumbaku atanielewa kwa nini zao hili lilibadilisha kila kitu. Tumbaku haimpi mtu nafasi ya kupumzika. Kitalu, kupandikiza, palizi, kukata maua, kutoa maotea, kila siku unarudi kwenye mche uleule unatoa maotea mengine, unaua viwavi kwa mkono, unachuma, unatundika, unachambua madaraja, unafunga. Sisi tulikuwa watu tisa nyumbani na ekari tatu zilitushinda. Utajiri wa mkulima wa tumbaku unapimwa kwa idadi ya mikono aliyonayo.

Halafu inakula ardhi. Baada ya misimu mitatu minne shamba limechoka, unafyeka msitu mpya.

Kwa hiyo Virginia ikawa na njaa mbili, ya mikono na ya ardhi. Kampuni ikaweka utaratibu kwamba ukimlipia mtu nauli kuja Virginia unapewa ekari 50 kwa kichwa chake. Wakaja vijana maskini wa Kiingereza kwa mkataba wa kutumikia miaka minne hadi saba, wengi wakafa kabla mkataba haujaisha. Na ardhi ikachukuliwa kwa wenyeji. Tarehe 22 Machi 1622, Opechancanough, ndugu yake Wahunsenacawh, akashambulia makazi ya Waingereza siku moja, wakafa 347. Miaka miwili baadaye mfalme aliifuta Kampuni, akaichukua Virginia iwe koloni lake. Ilipofanywa sensa mwanzoni mwa 1625, kati ya maelfu waliopelekwa tangu 1607 walikuwepo hai kama 1,200 tu.

AWAMU YA TATU: KIANGAZI CHA 1619

Hapa ndipo nilipotaka kufika, wakuu.

Julai 30, 1619, ndani ya kanisa la mbao la Jamestown, lilikaa bunge la kwanza la wawakilishi katika Amerika ya Waingereza. Wajumbe 22, wawili wawili kutoka makazi 11, pamoja na Gavana George Yeardley na washauri wake. Joto lilikuwa kali hata mjumbe mmoja, Walter Shelley, akafa katikati ya kikao, na Agosti 4 wakaahirisha kwa sababu ya joto na maradhi. Moja ya mambo waliyopitisha ni bei ya tumbaku.

Wiki chache baadaye, mwishoni mwa Agosti mwaka uleule, meli iitwayo White Lion ikatia nanga Point Comfort, mdomoni mwa mto huohuo. Rolfe aliandika barua kwamba meli ile haikuleta kitu ila Waafrika "20 na ushei", ambao gavana na mfanyabiashara mkuu wa koloni waliwanunua kwa chakula. Huyo gavana ni Yeardley, yule aliyeitisha bunge.

Kiangazi kimoja, mto mmoja, gavana mmoja. Uchaguzi na utumwa viliingia Virginia vikiwa vimepishana kwa wiki nne hivi. Nawaomba mlishike hili kuliko yote niliyoandika.

Mzee wa Kigoma:

Kijana, umesema Angola kwenye kichwa cha uzi. Umejuaje walitoka Angola? Na hao wenye meli ya White Lion waliwapata wapi?

Mtu wa Urambo:

Shikamoo mzee. Kwa miaka mingi hata wanahistoria hawakujua, walidhani wametoka Karibiani. Miaka ya 1990 kumbukumbu za Wahispania zikaunganishwa na barua za Waingereza. Meli ya Kireno San Juan Bautista ilitoka Luanda na watu kama 350 kwenda Vera Cruz, Mexico. Wengi wakafa njiani. Ikiwa karibu kufika ikashambuliwa na meli mbili za Waingereza zenye kibali cha kuteka, White Lion na Treasurer, wakagawana kama watu 50 au 60. White Lion ikatangulia kufika Virginia, Treasurer ikafuata siku chache baadaye.

Wakati huo Luanda kulikuwa na gavana Mreno, Luís Mendes de Vasconcelos, aliyeungana na majeshi ya Waimbangala akaivamia nchi ya Ndongo na kuupiga mji mkuu wake, Kabasa, miaka ya 1618 na 1619. Maelfu walikamatwa. Wengi wa waliofika Virginia yaelekea walikuwa watu wa Ndongo. Hilo jina Angola lenyewe ni "ngola", cheo cha mfalme wao.

Sasa mzee, lugha yao ilikuwa Kimbundu, ni Kibantu. Mtu kwao ni *mutu*. Ng'ombe ni *ngombe*. Nguvu ni *nguzu*. Neno *kitanda* kwao ni soko. Kwa hiyo Waafrika wale wa kwanza kushuka Virginia, wakikaa pembeni ya moto usiku wakizungumza, mimi na wewe tungeokota neno hapa na pale.

Mzee wa Kigoma:

Marahaba. Hapo kwenye mutu nimesimama kidogo.

Chuma cha Pua:

Mkuu tuseme ukweli lakini. Hao Waimbangala ni Waafrika. Wazee wetu waliuzana wenyewe, tusiwalaumu Wazungu peke yao.

Mtu wa Urambo:

Ukweli tuuseme wote. Waimbangala walikuwa mamluki, walichoma miji ya Waafrika wenzao na walilipwa kwa mateka. Sitawatetea. Lakini soko lilikuwa la nani? Mreno alikuwa na meli zinasubiri Luanda, Mhispania ana mashamba na migodi, Mwingereza ana tumbaku. Na jambo nitakaloandika sasa halikufanywa na Mwafrika yeyote. Lilifanywa na lile bunge la kanisani, sheria kwa sheria.

AWAMU YA NNE: SHERIA

Mwaka 1619 Virginia haikuwa na sheria ya utumwa. Waafrika wale walinunuliwa na kutumikishwa, lakini wachache walipata mwanya. Chukueni mfano wa Antonio. Aliletwa 1621, akanusurika lile shambulio la 1622, akamwoa Mary, Mwafrika mwenzake aliyekuja mwaka huohuo wa 1622. Wakapata uhuru, akajiita Anthony Johnson. Mwaka 1651 akapewa hati ya ekari 250 kwa kulipia vichwa vitano, sawasawa na Mzungu yeyote. Na nisifiche, yeye pia alimtumikisha Mwafrika mwenzake, John Casor, na mahakama mwaka 1655 ikamrudishia huyo Casor kama mtumishi wa maisha. Mfumo ukimkubali mtu, humfundisha tabia zake.

Wakati huohuo mlango ulikuwa unafungwa. Mwaka 1640 watumishi watatu walitoroka kwenda Maryland wakakamatwa: Mholanzi, Mskoti na Mwafrika anayeitwa John Punch. Wote walichapwa viboko 30. Wazungu wawili wakaongezewa miaka minne. John Punch akahukumiwa kutumikia hadi kufa.

Mwaka 1656 Elizabeth Key, mama yake Mwafrika na baba yake Mwingereza, alishinda kesi ya uhuru wake, hoja mojawapo ikiwa sheria ya Kiingereza kwamba mtoto hufuata hali ya baba. Bunge likajibu. Mwaka 1662 likatunga sheria kwamba mtoto atafuata hali ya mama. Fikirini maana yake: bwana akimlazimisha mtumwa wake akazaa naye, amejiongezea mali. Mwaka 1667 wakatangaza kwamba ubatizo haumpi mtu uhuru. Mwaka 1669 wakasema bwana akimuua mtumwa wakati wa kumwadhibu, si kosa la mauaji.

Mwaka 1676 Nathaniel Bacon aliasi dhidi ya gavana na akaichoma moto Jamestown. Bacon simsifu, watu wake waliua wenyeji hata waliokuwa na amani na Waingereza. Kilichowatisha wakubwa ni kwamba maskini weupe na weusi walishika silaha pamoja. Katika kundi la mwisho lililogoma kujisalimisha walikuwemo Waafrika 80 na Waingereza 20 bega kwa bega. Baada ya hapo mikono ya mkataba kutoka Uingereza ikapungua, ya Afrika ikaongezeka, ndoa za mchanganyiko zikapigwa marufuku 1691, na mwaka 1705 sheria zote zikakusanywa kuwa kanuni moja ya utumwa.

Hao wanaoitwa waasisi wa taifa ni watoto wa nchi hii. Washington, Jefferson, Madison, Monroe, marais wanne kati ya watano wa kwanza, wote ni wa Virginia na wote walimiliki watumwa. Jefferson aliandika mwaka 1776 kwamba watu wote wameumbwa sawa. Sensa ya kwanza ya taifa, mwaka 1790, ilikuta Virginia watu wapatao 747,000, na kati yao zaidi ya 292,000 walikuwa watumwa.

Dada wa Hampton:

Kaka, nimesoma uzi huu nikiwa kazini zamu ya usiku, nimelia. Mimi natoka Tanga, naishi Hampton hapa Virginia mwaka wa sita, natunza wazee. Hiyo Point Comfort iko ndani ya mji wetu, leo inaitwa Fort Monroe. Kuna kibao kinachotaja Waafrika wa kwanza, na mbele yake bahari tu, upepo, watu wanavua samaki. Jumapili huwa napeleka wanangu.

Naomba niongeze jambo. Mei 1861, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza, watumwa watatu, Frank Baker, James Townsend na Shepard Mallory, walipiga kasia usiku wakaja kwenye ngome hiyohiyo. Bwana wao akatuma mtu awadai. Jenerali Butler akakataa kuwarudisha, akasema Virginia imejitoa kwenye Muungano hivyo haiwezi kudai sheria zake, na hao ni mali ya adui iliyokamatwa vitani. Kuanzia hapo wakamiminika maelfu, na mti wanaosema watoto wao walisomeshwa chini yake bado upo, mwaloni mkubwa, uko Chuo Kikuu cha Hampton. Mahali walipoingilia wa kwanza ndipo mlango wa kutokea ulipofunguka, miaka 242 baadaye.

Mtu wa Urambo:

Dada, Mungu akubariki. Hilo la wale watatu nilikuwa sijaliweka. Ukienda tena tupigie picha ya bahari.

Mwana wa Likoni:

Ndugu, na yule Anthony Johnson mwenye ekari 250 aliishia wapi? Usituache hewani.

Mtu wa Urambo:

Alihamia Maryland miaka ya 1660, akakodi shamba akalima tumbaku, akafa 1670. Mwaka huohuo baraza la mahakama Virginia likaamua kwamba ardhi aliyoiacha kule irudi kwa Taji, kwa sababu alikuwa "Mweusi, na kwa hiyo mgeni". Alikuwa ameishi Virginia miaka zaidi ya 40.

Mary na watoto wakaendelea Maryland. Mwaka 1677 mjukuu wao, John, akanunua kipande chake mwenyewe, ekari 44. Alizaliwa Amerika na baba yake alizaliwa Amerika. Kwenye hati ya shamba palitakiwa jina, akaandikisha Angola.